Gunia Lililoshushwa

Wiki mbili kabla ya marudiano, kila mtu Karatu alikuwa mwalimu wa ngumi. Clemensi fundi cherehani, ambaye hajawahi kumpiga hata kuku, aliweka mkasi chini akanionyesha jinsi Tluway anavyopaswa kuzunguka ulingoni. Germana muuza pombe alisema uzito wa juu hauna ufundi wowote, ni nani kala ugali mwingi, na akatabiri mtu kulala raundi ya kwanza. Wakishachoka kubishana walinigeukia mimi. "Mwalimu Wilibrodi, wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimefundisha ngumi jeshini miaka kumi na moja. Utabiri wangu haukukosea mara nyingi, nami nilipenda sana kuulizwa. Safari hii niliwaambia waniache. Wakadhani naficha mbinu, na kweli nilikuwa naficha, ila si kwa sababu waliyoidhania.

Pambano la kwanza lilikuwa Juni mwaka ule wa 1984, kwenye ghala la mazao hapa Karatu. Tluway, mwanafunzi wangu, alikuwa dereva wa trekta katika shamba moja la kahawa, mpana wa mabega, mpole, mtu wa kukubali anachoambiwa. Mpinzani wake, Moloimet, alikuwa askari Mmasai mzaliwa wa Malambo, mrefu, aliyerudi salama kutoka vita vya Uganda. Moloimet alishinda kwa pointi, chupuchupu. Mshindi wa marudiano angeingia timu ya mkoa, kwa hiyo Tluway hakuwa na nafasi nyingine.

Lakini kilichoninyima usingizi si zile pointi. Mwishoni mwa raundi ya pili, Tluway alimpiga Moloimet konde la kulia juu ya sikio la kushoto. Moloimet hakuanguka. Kengele ikalia, na badala ya kwenda kwenye kona yake akaja kwenye yetu. Akasimama mbele yangu, mikono imeshuka, kinga ya meno mdomoni, akanitazama kama mtu anayengoja kitu. Ghala zima likaangua kicheko. Nilikuwa nimeshika kopo la maji na sikuweza hata kuliweka chini. Refa akaja akamshika mkono, akamrudisha kwao.

Mimi sikucheka, maana uso ule nilikuwa nimeuona kabla.

Mwaka 1972, Mbulu, nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Sylvesta. Sijapata tena kijana mwepesi wa miguu kama yule. Raundi ya pili ilipokwisha alikosea kona, akaenda kusimama mbele ya mwalimu wa wapinzani wetu, anamtazama. Watu walicheka, na safari ile nilicheka na mimi. Nikavuka ulingo, nikamshika mabega, nikamgeuza, nikamwambia, "Wewe, kwenu ni huku." Kisha nikamrudisha raundi ya tatu. Alikufa jioni ile kwenye lori, kichwa chake mapajani mwangu, kabla hatujafika hospitali.

Kwetu Wairaqw, kifo cha namna hiyo kinamtenga aliyekigusa. Tunaita metimani. Hupeani mkono na mtu, huingii nyumba ya jirani, hunywi kwenye kibuyu kimoja na wenzako, mpaka wazee waseme basi. Antonia, mama yake Sylvesta, aliniomba nikae. Hakunilaumu hata kidogo, aliniomba tu. Lakini nilikuwa mtu wa magwanda, Jumatatu natakiwa kambini, na nilimjibu kwamba ule ulikuwa mchezo, si ugomvi. Siku ya mazishi nilipeana mikono na kila mtu. Nilikuwa mjinga mwenye kiburi, na katika wajinga wote huyo ndiye mbaya zaidi.

Tangu hapo, kengele ya mapumziko ikilia, kwenye kona yangu huja watu wawili. Mmoja ni yule ninayemfundisha. Mwingine husimama nyuma yake, anapumua kwa pua iliyojaa damu. Nilimwogopa, nasema kweli. Sikumwambia mtu, maana mwalimu wa ngumi anayeona wafu nani atampelekea mwanawe?

Basi mbinu ya kumshinda Moloimet niliijua. Kila akirusha mkono wa kushoto aliurudisha chini, kiunoni, na sikio lake lilibaki wazi. Zunguka upande ule, subiri, piga juu ya sikio. Raundi ya pili angelala, ningeweza kuapa. Na niliamini kwamba akilala hataamka, na kwamba kwenye kona yangu sasa watakuja watatu.

Kwa hiyo nilimdanganya mwanafunzi wangu.

"Tumbo," nilimwambia. "Wamasai ni watu wa maziwa na nyama. Tumbo lake zito. Lipige mpaka akae chini mwenyewe."

"Na kichwa, mwalimu?"

"Kichwa achana nacho. Ni jiwe. Utavunja mkono bure."

Tulifanyia mazoezi kwenye kibanda cha shamba, kwenye gunia lililoshindiliwa maganda ya kahawa. Zamani nililining'iniza usawa wa uso. Asubuhi ile nililegeza kamba nikalishusha mpaka kiunoni, na kila siku Tluway aliinama akalitwanga humo, asubuhi kabla ya kuwasha trekta na jioni baada ya kuizima. Mkewe Marsela alikuja siku moja kumletea uji, akasimama mlangoni akitazama.

"Mbona gunia limeshuka?"

"Ndiyo mbinu," nikasema.

"Sasa uso wake nani anaulinda, akiinama hivyo?"

Nilimwambia ngumi si mambo ya jikoni. Yeye hakuwa ameshika glovu maisha yake yote, na aliona kwa mtazamo mmoja kile nilichokuwa nimekataa kukiona.

Marudiano yalikuwa Wasso. Tuliondoka na lori alfajiri, tukapanda Ngorongoro ndani ya ukungu mzito hata dereva akawa anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Nyati walikuwa wamesimama barabarani, tukangoja. Watu nyuma ya lori walikuwa wakitabiri tena, Clemensi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Nilijaribu kuwahesabu ili nisimfikirie Sylvesta. Mara ya kwanza tulikuwa kumi na mmoja, mara ya pili kumi na wawili. Nikaacha kuhesabu.

Ulingo ulikuwa umefungwa uwanjani, kamba nne kwenye miti minne, jua kali, watu wamefurika. Tluway alikuwa mtulivu. Nilipomfunga bandeji alinyoosha mikono yake mikubwa mbele yangu.

Raundi ya kwanza aliinama kama nilivyomfundisha, akapiga tumbo. Makonde yalikuwa mazito, Moloimet aliyasikia. Lakini kila Tluway alipoinama, ile mikono mirefu ilimshukia kichwani, moja, mbili, mara nyingine tatu. Clemensi alipiga kelele, "Kichwa! Mpige kichwa!" Uwanja wote ukaitikia.

Mapumziko, Tluway alikaa kwenye kigoda akitweta. "Mwalimu, anaacha mkono wa kushoto chini. Nimeuona. Nipe ruhusa."

Angeweza kwenda bila ruhusa. Bondia mwingine yeyote angekwenda. Lakini Tluway alikuwa Tluway, na mimi nilikuwa mwalimu wake. Nyuma ya bega lake yule mwingine alikuwa akipumua.

"Tumbo," nikasema.

Raundi ya pili sipendi kuieleza. Aliinama, akapigwa. Aliinama tena, akapigwa tena. Mara mbili mkono wake wa kulia ulipanda, sikio la Moloimet likiwa wazi mbele yake, na mara zote mbili niliona akiurudisha kwa nguvu, akaupeleka tumboni. Alikuwa ananitii. Nilishika taulo la kusimamisha pambano, nikajiambia bado kidogo, kengele inakaribia, akikaa nitamwambia aache. Kengele ikalia.

Tluway akageuka, akatembea polepole mpaka kona ya Moloimet, akasimama hapo.

Hakuna aliyecheka. Au walicheka, mimi sikusikia. Nilitupa taulo katikati ya ulingo, nikapita chini ya kamba, nikakimbia. Nilipofika, Moloimet alikuwa ameshamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe na anamnywesha maji kwa kopo, glovu bado mikononi.

"Mzee," akaniambia, "mtu wako haoni."

"Kama wewe siku ile," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Nilitaka awepo mtu mmoja wa kunielewa. "Siku ile Karatu, ulipokuja kwangu."

Alinishangaa. "Siku ile nilikuwa naona vizuri, mzee. Ndoo yetu ilimwagika. Wewe ulikuwa na maji. Kwetu mtu akiona kiu huomba maji hata kwa adui, na hanyimwi. Nilikuja kuomba, na kwa ile kinga ya meno nisingeweza kusema. Ukanitazama kama umeona jini. Refa akaniondoa."

Kumbe kiu tu. Nilikuwa nimelishusha gunia, nimemdanganya mtu anayeniamini, nimemfunga mkono wake wa kulia kwa maneno yangu, kwa sababu ya mtu aliyekuwa na kiu.

Safari hii hatukuchelewa. Hospitali haikuwa mbali na Tluway hakufa. Alilala wiki tatu, akarudi Karatu kwa miguu yake, anamjua Marsela, anazijua sehemu zote za trekta kwa majina. Lakini vidole vyake haviwezi kufunga kifungo, na jambo jipya halikai kichwani mwake. Ukimwambia asubuhi, mchana limekwenda.

Nilikwenda kwa Marsela, nikasimama nje ya ua, nikamwambia nataka kukaa metimani. Nimechelewa miaka kumi na miwili, lakini sasa nitakaa. Sitashika mkono wa mtu.

Alikuwa anapepeta mahindi. Hakusimama.

"Tluway hajafa," akasema. "Utajitenga kwa ajili ya nani? Mimi naamka saa kumi na moja kwenda shamba. Kuna mtu hapa hawezi kufunga shati. Mikono unayo."

Kwa hiyo kila asubuhi nakwenda. Namnawisha uso, namvalisha, namfunga vifungo kuanzia chini. Wiki ya kwanza nilimwambia ukweli. Nilimwambia nilijua mahali pa kupiga nikamficha, nikamwokoa mwingine kwa kichwa chake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akalia, mtu mzima wa kilo mia, bila sauti. Siku ya pili alinisalimu kwa Kiiraqw akitabasamu. "Saita, mwalimu. Karibu." Hakukumbuka. Nikamwambia tena, akalia tena. Siku ya tatu vilevile.

Siku ya nne Marsela aliningoja mlangoni.

"Acha," akasema. "Kila siku unamvunja upya ili wewe upumue."

Nimeacha. Ni mwezi wa tano sasa tangu niache. Jana alikuwa amekaa juani kwenye benchi, nimepiga magoti mbele yake nafunga kifungo cha mwisho cha kola, uso wake karibu na wangu. Akaniwekea ule mkono wake wa kulia begani.

"Watu wanasema nilipoteza pambano kule Wasso," akasema. "Mimi sikumbuki. Lakini najua sikupoteza kwa sababu yako, mwalimu. Wewe ungeniambia."

"Ndiyo," nikasema. "Inua kidevu."