Krimu Iliyopotea Mkononi

Mjukuu wa kike wa Bibi, mtafiti wa ngozi, alikuwa amechanganya krimu ya kuzuia jua mara nyingi, na kila mara Bibi aliyejaribiwa nayo alitoka maabara mikono imepauka kama aliyeangukia pipa la unga. Daktari mkuu alishachoka. Alisema hii ya leo ikiacha weupe kwenye ngozi nyeusi, utafiti unafungwa.

Bibi akapakwa mkono mmoja, wa pili ukaachwa wa kulinganishia, akaketi kwenye benchi akipiga soga na mfagizi mpaka krimu ikakauka. Daktari akaingia, akavaa miwani, akaishika mikono yote miwili chini ya taa.

"Umepaka upi?"

Mjukuu akakodoa macho, akageuza huku na huku. Kwa haraka zake alisahau kuchora alama ya kalamu. "Bibi, nilikupaka upi?"

"Mke mwenzangu, msomi ni wewe, unaniuliza mimi? Mimi nilikuwa nasimuliwa habari za harusi."

Daktari akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kiwiko. Wa kushoto mweusi ti, wa kulia mweusi ti, yote miwili inang'aa kama biringanya iliyooshwa sasa hivi.

Mjukuu akaanza kucheka hata akakosa pa kushika. "Haionekani, Bibi. Haionekani kabisa."

Daktari akavua miwani, mabega yanamtikisika. "Utafiti unaendelea. Ila kesho chora alama."

"Na huu mwingine nao mpake," Bibi akasema, akinyoosha mikono yote, "usije ukaona wivu."