Jiwe la Askari wa Bwera
Mwaka 1952, Loyi alitoka Maliba kwa lori la Sulaiti hadi Bwera, kushuhudia uzinduzi wa jiwe la kumbukumbu ya askari waliokufa vitani Burma. Mwanawe, Syahuka, hakurudi kutoka huko.

Sulaiti alimsomea maandishi. "Iko Kiingereza, iko Kifaransa, iko Kihindi, iko Kiswahili. Wazungu beko na majina. Wetu wameandikwa 'askari Waafrika' tu."

"Na Kikonzo, lugha yetu?"

"Hakuna, mama."

Loyi akaweka kiganja juu ya jiwe, akamwita Syahuka kwa Kikonzo, kwa sauti ya msibani.

"Nyamaza, mama! Bwana mkubwa anasema!" polisi mmoja akafoka.

Hakunyamaza. Polisi wakamburuta hadi barabarani. Kule aliendelea kumlilia mwanawe, na hotuba ya kuwashukuru mashujaa ikaendelea pia.