Mama Mkwe Nje, Chapati Ndani

Mkesha wa Krismasi ya mwaka wa tisini na sita, Sylvanus Wanzala wa Musanda aliamka akiwa na kazi moja tu: kukata tawi la msaipresi, kulisimika kwenye debe la mchanga sebuleni, na kuwaacha watoto walipambe. Kazi hiyo ilikwisha mapema. Tawi lilivikwa pamba, karatasi za rangi na mabaluni, na kila baluni lililopasuka liliwaangusha watoto chini kwa kicheko kana kwamba lilikuwa la kwanza. Sylvanus akaona amemaliza udhia. Akavuta kiti kivulini, akarudisha kwenye redio betri alizokuwa amezianika juani, akanyoosha miguu asikilize watu wakitumiana salamu mpaka jioni.

Mkewe, Zipporah, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Mumias kuchukua nguo za watoto kwa fundi. Kitambaa walikinunua zamani, bluu yenye maua meupe, kipande kimoja kwa watoto wote watatu, ili hata wakipotea kanisani ijulikane ni wa boma moja. Fundi naye alikuwa ameahidi Jumatatu, akaahidi Ijumaa, akaahidi mbele ya Mungu. Mkesha ukafika.

Mchana Swaleh, jirani yao, alipita na baiskeli akitokea Mumias, akafunga breki mbele ya kile kiti.

"Baba Osiako, mama watoto amenituma. Fundi hajaweka hata vifungo. Mama amekaa mlangoni pa duka lake, ameapa hatoki bila nguo. Anasema atarudi jioni, na unga uko kwa kabati."

"Unga wa nini?"

"Wa chapati, ndugu yangu. Mimi ni mtume tu." Swaleh akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Sylvanus akasikia miguu midogo nyuma yake. Aligeuka, akawakuta watoto wake wamesimama mstari mmoja: Osiako aliyeng'oka meno ya mbele, Nabwire aliyemfuata, na Awinja mdogo aliyekuwa bado anaburuta kamba ya baluni lililopasuka. Chapati katika nyumba ile zilikuja na Krismasi na kuondoka na Krismasi. Zilipikwa siku ya mkesha, zikafunikwa kwa kitambaa, na watoto wakalala wakizinusa. Krismasi bila chapati ilikuwa Jumatano ya kawaida.

"Baba," Osiako akasema, "si wewe utapika?"

Sylvanus akacheka. Yeye alikuwa dereva wa trekta la miwa, mtu wa kupinda kona za Mayoni na matela mawili nyuma bila kuangusha muwa hata mmoja. Jikoni aliingia kutafuta moto wa sigara tu, na hata hiyo sigara alikuwa ameacha. Akacheka tena, kisha akaona mdomo wa chini wa Nabwire umeanza kutetemeka.

"Haya basi," akasema, akisimama. "Unga ni unga. Kwani ni injini?"

Aliingia jikoni, ile nyumba ndogo ya udongo nyuma ya nyumba kubwa. Kwa kuwa shati alilovaa lilikuwa jipya, alilivua, akachukua leso ya Zipporah iliyokuwa imetundikwa msumarini, leso ya rangi ya chungwa yenye mabata, akajifunga kibwebwe cha kweli. Watoto walipiga makofi. Akamimina unga kwenye karai, akamimina maji. Yakazidi, ukawa uji. Akaongeza unga, ukawa jiwe. Akaongeza maji, akaongeza unga, na kila alipoongeza kimoja kingine kililalamika, mpaka karai likajaa na Awinja akawa na unga nyusini, masikioni na ndani ya baluni lake.

"Mama anawekanga mafuta," Nabwire akasema.

"Nitaweka."

"Na chumvi."

"Nitaweka, nimesema."

Alisukuma donge la kwanza kwa chupa ya soda. Halikutaka. Alilikandamiza kwa uzito wake wote, likatoka na umbo la kiatu. Alipolitupa kwenye kikaango lilitoa moshi upande mmoja na kubaki bichi upande wa pili, na watoto walicheka mpaka Osiako akapaliwa. Sylvanus mwenyewe alianza kucheka. Jasho lilimtiririka, macho yaliwasha, na bado hakukumbuka mara ya mwisho alipofurahi hivyo katikati ya mchana.

Hapo ndipo sauti ilipotoka uani.

"Hodi humu! Wajukuu wangu wako?"

Chupa ya soda ilimponyoka. Ilikuwa sauti ya Mama Nasambu, mama mzazi wa Zipporah.

Kwa watu wa huku, mtu na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye miwa mwenzake apite. Ndiyo heshima. Kwa miaka yote ya ndoa yake, Sylvanus alikuwa amemwona mama huyo kwa mbali, yeye mwenyewe akiwa amevaa koti. Sasa alikuwa kifua wazi, amefungwa mabata kiunoni, na jiko lile lilikuwa na mlango mmoja tu, wa kutokea uani.

Akajibanza ukutani. Watoto wakafyatuka nje wakipiga kelele, "Kukhu! Kukhu!" kama wanavyowaita nyanya zao.

"Nimepita tu naenda kwa dada yangu," Mama Nasambu akasema. "Nimewaletea jogoo wa Krismasi. Mama yenu yuko wapi?"

"Ameenda kuchukua nguo."

"Na baba?"

Sylvanus akafumba macho akimwomba Mungu. Awinja ndiye aliyejibu.

"Yuko jikoni. Amevaa leso."

Mama Nasambu akamfunga jogoo kwa kamba kwenye mti. "Anafanya nini huko?"

"Anapika chapati," Osiako akasema kwa fahari, "lakini haikatiki."

Mama Nasambu akakohoa. Akakohoa tena, kwa muda mrefu, na Sylvanus akatambua kwamba hicho si kikohozi. Kisha akasikia kigoda kikiburutwa mpaka nyuma ya jiko, na mtu mzima akiketi, mgongo wake upande ule wa ukuta, wa Sylvanus upande huu.

"Nileteeni hiyo chapati nionje."

Nabwire aliichukua. Kulikuwa na kutafuna, kisha kupumzika, kisha kutafuna tena.

"Mwambieni baba yenu hii ni ya kuezekea nyumba."

Osiako aliingia mbio. "Baba, kukhu anasema tuezeke nyumba."

"Leo?" Sylvanus akauliza.

"Mwambieni," sauti ikaendelea, "aweke maji ya moto kidogo na mafuta, akande tena, halafu aufunike ulale."

Nabwire ndiye aliyefika safari hii. "Kukhu anasema uweke maji moto na mafuta, halafu ujifunike ulale."

"Nilale?"

"Unga!" Mama Nasambu akapaza sauti, kisha akakumbuka heshima. "Mwambieni ni unga ulale. Ukiamka, asukume, apake mafuta, akunje kama konokono, asukume tena."

Awinja alijitokeza mlangoni kwa hatua za mtu mwenye ujumbe mzito. "Baba. Uweke konokono."

Sylvanus alikaa chini, akajiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Upande wa pili wa ukuta kile kikohozi kilikuwa kimerudi.

Alifanya kama alivyoambiwa. Akakanda mpaka donge likawa laini kama sikio la mtoto, akalifunika. Watoto, wakiona hakuna la kuliwa, walikimbilia kumtazama jogoo. Mama Nasambu aliendelea, "Mwambieni..." akatazama kushoto na kulia, akaona hana mtume.

Akaugonga ukuta kwa kiwiko. "Haya," akasema, "nauambia ukuta. Wewe ukuta, huyo mtu wa ndani asipunguze moto sasa."

Sylvanus akasogeza kuni. Naye akaukoholea udongo. "Ukuta, mwambie mama asante. Mwambie pia aniwie radhi kwa hali yangu."

"Ukuta, mwambie mimi nimezaa watoto, nimeugua, nimefiwa, na hakuna mwanamume wa boma letu aliyewahi kunichemshia hata chai. Mwambie siku Zipporah anaolewa nililia sana. Nilikuwa nalia bure."

Sylvanus akaugeukia ukuta. Aliuwekea kiganja cha unga, akakiacha hapo. Wakati huo Awinja, aliyemwonea huruma jogoo kwa kiu, alikuwa amemfungua kamba.

Jogoo hakutaka maji. Aliruka juu ya Awinja, akaingia jikoni, akatua katikati ya ubao wa kusukumia ulionyunyizwa unga, akapiga mbawa, na unga ukapaa ukajaza nyumba nzima. Akatoka mweupe kama karani wa mizani ya miwa, na koti lake jeupe, anayekimbia mvua.

"Krismasi inaenda!" Osiako akapiga yowe.

Hapo heshima ilipata shida. Jogoo alikuwa akielekea shambani, na jogoo akiingia kwenye miwa, mwaka mpya utamkuta humo. Sylvanus alitoka mbio na mabata yake. Mama Nasambu alikuwa amekwisha kusimama, amevuta kitambaa cha kichwa kikafunika uso, akikimbia kwa kufuata sauti. Mmoja alipokwenda kulia mwingine alikwenda kushoto. Sylvanus alikimbia kinyumenyume asimtazame, akapiga teke ndoo, akaangukia tuta la viazi. "Huku, baba!" "Huko, kukhu!" Watoto walikuwa kila mahali, wakiwaelekeza wote wawili vibaya, na Nabwire alicheka mpaka akakaa chini akikamata tumbo.

Jogoo akachoka penye ukingo wa miwa. Sylvanus akafumba macho, akajitupa, akashika miguu. Papo hapo mtu mwingine, macho yamefunikwa, akashika mbawa.

Hakuna aliyeachia. Jogoo akawika katikati yao.

"Mimi sijaona mtu," Mama Nasambu akasema chini ya kitambaa, akihema. "Unga umeniingia machoni."

"Na mimi, mama, ni moshi. Sioni hata kidogo."

"Basi nani ameshika miguu?"

"Ni... ni ukuta, mama."

Mama Nasambu alijaribu kukohoa, ikashindikana. Alicheka kwa sauti kubwa, akaketi pale pale kwenye nyasi, na jogoo akabaki mikononi mwa Sylvanus aliyekuwa amegeukia miwa, machozi yakimtoka kwa kicheko, watoto watatu wakiwa wamemning'inia mguuni.

Chapati za baada ya hapo zilikuja kama chapati. Zilijaa, zikatoa tabaka, zikanukia mpaka njiani. Nyingine zilikuwa na umbo la ziwa na nyingine la embe, lakini zilikatika. Mama Nasambu alizihukumu moja moja kupitia ukutani, na alipoondoka kwenda kwa dada yake alikuwa na kifurushi cha moto kwapani na mwendo wa msichana.

Zipporah alirudi magharibi na nguo zake kichwani, zenye vifungo vyote. Alisimama uani akanusa. Akadhani amekosea boma. Watoto walimweleza wote kwa pamoja, ukuta, konokono, jogoo, mabata, na alipoelewa nusu tu alishikilia mlango asianguke.

"Mama yangu? Na wewe? Na leso yangu?"

"Sikuona mtu," Sylvanus akasema kwa utaratibu, akigeuza chapati. "Kaa ule."

Asubuhi watoto waliingia njiani na bluu yao yenye maua, wazazi wao nyuma, wakitoka katikati ya miwa kukutana na familia nyingine zenye vitambaa vyao, kijani hapa, nyekundu pale, njia nzima ikawa kama kamba ya nguo inayotembea. Ngoma za kanisa zilikuwa zimeanza. Nabwire hakuweza kuvumilia. Kila waliyempita alimwambia, "Baba yetu ndiye amepika chapati!"

Wanaume walimgeukia Sylvanus. Angeweza kukana. Akamtazama mkewe aliyekuwa anauma midomo asicheke, akawatazama wanawe.

"Ni mimi," akasema. "Mchana mje mle."

Wakaja. Swaleh alikuja mapema, akamchinja jogoo yeye mwenyewe ili nyumba zote mbili zile bila wasiwasi, na mkewe Umi akaleta ndizi. Watoto wa jirani walijaa mikekani mpaka mlangoni, wakila kwa mikono miwili. Saa tisa sinia lilikuwa tupu na bado kulikuwa na vichwa vinavyochungulia.

Sylvanus akanyanyuka, akakunja mikono ya shati. "Zipporah, kuna unga mwingine?"

"Upo."

Alielekea jikoni mchana kweupe mbele ya watu wote. Kwanza waliguna, kisha Swaleh akamfuata aone, kisha wengine, mpaka mlango wa jiko ukajaa migongo ya wanaume waliovaa makoti, wakishauriana kuhusu maji. Ndani, Awinja alikuwa amepandishwa juu ya kigoda, akiwaelekeza kwa kidole.

"Maji moto," alikuwa akisema. "Halafu unalala."