Waligonga Bodi

Shamte alikuwa na sheria moja kwa abiria wa nyuma ya pikapu yake: ukitaka kushuka, au kukiwa na tatizo, gonga bodi. Ukigonga, anasimama. Miaka saba alibeba watu kati ya Rondo na Lindi hivyo hivyo, wamekaa chini ya turubai, na hakuna aliyewahi kupitilizwa kwake.

Kisha akafunga redio mpya. Jamani, redio gani ile! Spika nne, na besi chini ya kiti iliyotingisha mpaka vioo vya pembeni. Mkewe, Mwanaidi, alimwambia siku ya kwanza tu, "Baba Imani, punguza. Watu wa nyuma utawasikiaje?" Akacheka. Mwanamume akishapenda kitu chake, maneno ya mke yanaingia sikio hili yanatokea lile.

Jumamosi ile mchana aliwafuata wanawake wa kwao, Mwanaidi akiwemo, waliokuwa harusini Rondo. Mama yake, Bi Sada, alifunguliwa mlango wa mbele akakataa. Alisema kelele zile zinampasua kichwa. Basi si angezima tu, mama mtu akae kwa raha? Hakuzima. Bi Sada akapanda nyuma na wenzake, akakaa mwisho kabisa, akiegemea mlango wa nyuma ambao komeo lake lilikuwa limelegea siku nyingi.

Njiani wanawake waliimba, wakagonga bodi kufuatisha ngoma ya redio. Shamte akafurahi, akapandisha sauti. Kwenye mteremko gari likaruka shimo, na kugonga kukazidi. Waligonga kwa ngumi, waligonga kwa viatu. "Leo wamechangamka kwelikweli," akajisemea, akaongeza sauti tena, na mwendo pia.

Alisimama kilomita sita mbele, penye kioski, anunue maji. Alipozima redio hakusikia wimbo wowote. Alisikia vilio. Mwanaidi alikuwa ameshashuka, sauti imemkauka, viganja vimevimba.

"Mama ameanguka mteremkoni," alisema. "Tumegonga, Baba Imani. Tumegonga mpaka tumechoka."

"Nilidhani mnacheza."

Mwanaidi aliingia mbele. Wakageuza gari. Njia nzima Shamte alikuwa akiomba, Mungu wangu, nimkute.

Walimkuta kivulini kando ya barabara, amelazwa, amefunikwa kanga yake mpaka usoni. Mtu mmoja mwenye bodaboda alikuwa amechuchumaa pembeni. Aliinuka taratibu.

"Amekata roho sasa hivi, kaka. Pole sana."

"Zahanati iko hapo juu tu," Shamte alisema. "Kwa nini hukumpeleka?"

"Nilitaka kumbeba, akakataa. Alisema nisihangaike, mwanawe anarudi. Wameshamgongea bodi."