Hata Kama Nitalia

Kwa miaka thelathini na mmoja mama wa binti huyu alikuwa matroni wa bweni la watoto wadogo, na hata alipostaafu mtaa mzima uliendelea kumwita hivyo hivyo, Matroni, akiwamo muuza maji ambaye hakuwahi kukanyaga shule yake. Kila mwanzo wa muhula alisimama mlangoni kupokea watoto wa miaka saba na masanduku yao. Wenzake waliwadanganya watoto: mama ameenda dukani, anarudi sasa hivi. Matroni hakudanganya. Alimfuta mtoto kamasi, akamshika mkono, akamwambia, "Mama yako ameshaondoka. Harudi leo. Njoo nikuonyeshe kitanda chako." Wazazi waliobaki getini wakipunga mikono aliwafukuza kama kuku. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, aliwaambia, na waliogeuka nyuma aliwakumbuka kwa majina.

Basi mwanamke wa namna hiyo alipokata shauri kuupanga uzee wake, hakuupanga kwa kubembeleza. Dada yake mkubwa alikuwa amelala kitandani miaka tisa bila kujijua, na bintiye aliyemuuguza akazeekea pale pale kando ya kitanda. Walipotoka kumzika huyo dada, Matroni alimshika binti yake mkono, wakaenda moja kwa moja kwa wakili, ofisi iliyo juu ya duka la rangi, wote wawili bado wana vumbi la makaburini miguuni. Alitaka hati ya kueleza atibiwe vipi na atunzwe wapi akili ikimtoka, na kwamba binti yake ndiye atakayeamua kwa niaba yake.

Wakili akachapa rasimu. Matroni akatoa kalamu nyekundu mkobani, akasahihisha mikato minne na kichwa cha habari. Kisha akafika penyewe: zikipita siku saba mfululizo bila yeye kumtambua mwanawe, apelekwe makao ya wazee, na binti asiache kazi kwa ajili yake. Chini ya hapo akaongeza kwa mkono: Masharti haya yafuatwe hata kama nitalia.

"Mama, lugha ya sheria haiandikwi hivyo," wakili akasema.

"Sheria yako imeshawahi kumpokea mtoto mwenye sanduku?"

Wakili akauchapa mstari. Binti akatia saini huku akicheka. Alidhani ni mambo ya miaka ishirini mbele. Ikawa mitano.

Kumbukumbu za Matroni ziliondoka kidogo kidogo, bila kuaga. Yalianza majina ya vyombo, ikafuata njia ya sokoni, ukafuata mwaka wenyewe. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kwenye kiwanda cha mikate alikokuwa fundi wa tanuri, binti alikaa ukingoni mwa kitanda akauliza, "Mimi ni nani?" Macho ya mama yakianza kutangatanga, alimnong'oneza, "Mwanao. Mwanao, mama."

"Mwanangu," mama akasema, na binti akaweka alama ya vyema kwenye kalenda.

Ulikuwa wizi wa mtihani, tusiupambe. Mwaka mzima na miezi miwili msimamizi alimpa mtahiniwa majibu. Matroni angekuwa na akili zake, angewaadhibu wote wawili.

Mchana mmoja Matroni alitoka barabarani, akakusanya watoto wa majirani, watano, akawalaza chumbani kwake kwa mapumziko ya mchana, akafunga mlango kwa ufunguo. Ufunguo wenyewe akausahau alikouweka. Watoto walitafutwa kwa muda wa saa mbili. Mlango ulipovunjwa, wanne walikuwa wamelala fofofo, na wa tano, mwenye pumu, alikuwa ameketi akivuta pumzi kwa shida, midomo imebadilika rangi. Alipona. Lakini jirani aliyekuwa akimwangalia Matroni mchana, mwanamke asiye na neno baya na mtu, alikuja jioni akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada, mimi sitaweza tena. Unisamehe."

Binti akampigia simu kaka yake, aliyekuwa akiishi mji mwingine.

"Nyumba ya wazee? Mama yetu? Watu watasemaje?"

"Basi njoo umchukue, kaka."

"Hali yangu unaijua. Vyumba vyenyewe viwili." Kisha akaanza kulia, mwanamume mzima, ikabidi binti ambembeleze yeye. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huyu hata hilo kanda hakuligusa.

Binti akapanda ngazi za wakili. Alitaka aambiwe kwamba hati imeisha muda, au ina kosa, au inahitaji mhuri ambao haupatikani.

"Naweza kukusomea tena," wakili akasema kwa upole. "Kosa haina. Mama yako aliisahihisha mwenyewe."

Alfajiri iliyofuata aliuliza, asinong'one.

"Mimi ni nani?"

"Muuguzi."

Siku ya pili akawa mtu wa mikate. Siku ya nne mama alimtazama muda mrefu hata binti akashika roho mkononi, kisha akasema, "Una uso wa upole. Mama yako angali hai?" Siku ya saba hakujibu kitu, aliomba chai.

Makao yalitoa orodha: mashuka mawili, taulo, kandambili, nguo zote ziandikwe jina. Binti alikaa sakafuni na kalamu ya wino mzito, akaandika jina la mama yake ndani ya kila kola, kama mama mwenyewe alivyokuwa akiwaagiza wazazi. Kola mbili zilitota machozi, wino ukasambaa, akaziacha hivyo.

Ukumbi wa makao ulikuwa mrefu, una vitanda kila upande na harufu ya sabuni. Matroni aliingia bila wasiwasi, akapitisha kidole kwenye dirisha kukagua vumbi, akatikisa kichwa. Binti akaona labda Mungu amemsaidia. Akaweka sanduku chini, akasema, "Mama, mimi naondoka."

Mama akamshika gauni kwa mikono miwili.

"Usiniache hapa."

"Mama, nitakuja Jumapili."

"Nitakuwa na adabu. Chochote nilichofanya sitarudia. Nakuomba, dada, sitarudia tena."

Hati ilikuwa mkobani, imenyooka, kila mkato mahali pake, na hakuna neno hata moja ndani yake lililomsaidia. Mlezi wa zamu akaibandua ile mikono taratibu, kidole baada ya kidole. "Nenda tu, dada. Usigeuke." Binti akapiga moyo konde, akatembea hadi mlangoni huku kilio kikimfuata mgongoni, na pale mlangoni akageuka. Matroni angemkumbuka kwa jina, kama angekuwa anakumbuka jina lolote. Binti akachuchumaa kizingitini, mkoba mapajani, akalia kwa sauti kama hakuna mtu anayemwona.

Kilio cha upande wa pili kikakatika. Zikasikika kandambili zikija, si kwa haraka, hatua za mtu aliye kazini. Mkono ukamwinua kidevu, ukamfuta kamasi kwa upindo wa gauni. Uso wa mama ulikuwa mkavu na umetulia, kama wa miaka ile yote.

"Mama yako ameshaondoka," Matroni akamwambia. "Harudi leo. Njoo nikuonyeshe kitanda chako."

Binti akaushika ule mkono, akamfuata.