Ekzosi ya Kumkimbia Mkwe

Miaka yote niliyoishi kwa Abeli sikuwahi kuuona uso wa baba yake. Nyie wa mjini chekeni tu. Mgongo wake niliujua, kofia yake niliijua, na kikohozi chake ningekitambua hata katikati ya soko la Tukuyu siku ya mnada. Uso, hapana. Kwetu mkamwana anamwogopa baba mkwe: hamsalimii, hamtazami, hataji jina lake, na akisikia anakuja anatoka njiani. Ndiyo maana hata hapa jina lake silitaji, nitamwita Mzee. Wengi siku hizi wameacha mambo hayo. Mchungaji wetu mwenyewe anakaa meza moja na mkamwana wake wanakula wali na kucheka. Lakini Mzee hakuacha, na mimi nimelelewa na bibi aliyenifundisha kwamba mwanamke akimvunjia mkwe heshima, siku mkwe akiugua, kidole kinaelekezwa kwake.

Basi nilimpikia, nikamfulia, nikamchotea maji ya kuoga, na hatukuwahi kupeana hata habari za asubuhi. Chakula kilipelekwa na wifi yangu Atupakisye, dada yake Abeli, mjane aliyerudi nyumbani kwao. Mzee akitaka kunishukuru alimwambia Atupakisye kwa sauti ya juu, akijua niko nyuma ya ukuta wa jikoni: "Mwambie ndaga, magimbi yalikuwa matamu." Na mimi nilimjibu Atupakisye kwa sauti ya juu: "Mwambie nimeshukuru." Atupakisye alisimama katikati akitingisha kichwa. Alisema siku moja atatuachia ukuta wenyewe tuongee nao.

Nilichokitaka kilikuwa kitu kimoja tu. Baba yangu alifariki nikiwa tumboni, sikuwahi kumwita mtu yeyote baba na akaniitikia. Sasa kuna kufunguliwa. Mkwe akiridhia, anamwita mkamwana mbele ya watu wa nyumbani, anapokea maji kutoka mkononi mwake, anayanywa, basi yamekwisha. Kuanzia hapo wewe ni mtoto wake, mnasalimiana, mnaongea. Lakini wa kwenda kumwomba Mzee si mimi, ni mume wangu. Na mume wangu, jamani, ni Abeli.

Abeli si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshafungasha vitu vyangu zamani. Ni mtu ambaye ukimpa shida yoyote ya binadamu, yeye anatafuta spana. Mimi na mama yake, Mungu amrehemu, tuligombana mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, na Abeli akatengeneza mlango wa pili wa jiko.

Ana Korola ya zamani, injini ya pistoni nne, anabebea abiria na mikungu ya ndizi kati ya Kinyala na Tukuyu. Mzee akiwa na safari, iwe kanisani au mnadani, kiti cha mbele ni chake. Ekzosi ya gari lile ilikuwa imeoza, imefungwa waya na vipande vya bati, na ilivuma kama debe linaloburutwa barabarani. Watu walilalamika. Mimi nilikuwa naishukuru. Nikiisikia inapanda kutoka mtoni, natua jembe, natoka njiani, naingia migombani, gari linapita na Mzee wake, narudi kwenye kazi yangu.

Halafu Abeli akaanza wimbo mpya. Gari halipumui. Gari linakosa nguvu mlimani kwa sababu moshi unakwama njiani. Alikuwa ameangalia mambo hayo kwenye simu, akawa anatuchorea mabomba kwenye jivu la jikoni kwa kijiti. Akalipeleka kwa Hafidhi, fundi wa kuchomelea aliye nyuma ya soko pale Tukuyu. Babu yake Hafidhi alikuja huku kutoka Kilwa na biashara ya kanga, baridi ikamnogea, hakurudi tena. Hafidhi aling'oa uozo wote. Akaweka mabomba manne mapya, moja kwa kila pistoni, yanayokutana chini na kuwa moja, kisha bomba pana mpaka nyuma, kopo jipya la kuzima mlio, na mipira mipya ya kulishikilia. Kazi safi kabisa, sibishi. Gari likapanda mlima wa kanisani bila kuomba gia, na ukimya wake ulikuwa kama wa paka.

Hakuna aliyefikiri. Hata mimi, niliyekuwa nategemea ule mvumo, sikufikiri.

Nilikuwa njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, naimba zangu pambio. Nikasikia kokoto zinalia nyuma yangu. Nikageuka na mzigo wangu, na gari hilo hapo, hatua chache, na kwenye kiti cha mbele kuna mkono uliopanda haraka kuziba uso. Mimi huyo mtaroni! Mzigo huku, kanga huku, matope mpaka kwapani. Nikajifunika kichwa na gauni langu mwenyewe kama kichaa. Nilisikia mlango unafunguliwa, kikohozi, kisha hatua za mtu mzima anayepanda mlima kwa miguu kwa sababu hawezi kukaa kwenye gari lililomwaibisha.

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshafika kisimani. "Mkamwana wa nyumba ile amemkabili mkwe wake." Kumkabili! Mimi niliyelala kwenye matope!

Nilipomaliza kujiosha nilimwita Abeli nyuma ya zizi. Nilikuwa nalia kwa hasira.

"Baba Simon, nimechoka. Nenda kwa baba yako. Mwambie anifungulie. Nampikia, namfulia, nimemzalia mjukuu mwenye jina la baba yake. Nimekosa nini mimi?"

Akaangalia viatu vyake. "Mama Simon, unamjua Mzee."

"Simjui! Ndicho ninachokwambia, simjui!"

"Basi nimekuelewa," akasema. "Niachie mimi. Nitalimaliza."

Na mimi, mjinga, nikafurahi. Siku ile ya gulio aliponiambia nijiandae twende wote Tukuyu, nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Nilijiambia ameshaongea na baba yake, tunakwenda kununua kikombe kipya cha maji na shuka la kumpa Mzee. Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu, nawapungia watu mkono. Abeli akapita maduka ya shuka. Akapita maduka ya vyombo. Akaingia nyuma ya soko, akasimamisha gari kwa Hafidhi.

"Fundi," akasema, "nataka lipige kelele."

Hafidhi alivua miwani ya kuchomelea. "Si ulitaka litulie? Nimekuwekea kopo la maana."

"Likate. Weka bomba tupu. Nataka likianza kupanda kutoka mtoni, mtu aliye nyumbani alisikie. Hata wa Kisiba kule walisikie."

"Kwa sifa, au?"

Abeli akanyoosha kidole kwangu, mimi niliyekaa kwenye tairi na kitenge changu cha Pasaka. "Kwa ajili ya huyu. Apate muda wa kumkimbia mkwe wake."

Hafidhi alinitazama, akamtazama, akanitazama tena. Alitoa ile sauti ya watu wa pwani ya kunyonya hewa kwenye meno. "Abeli ndugu yangu, nimeombwa ekzosi za kila namna. Vijana wanataka liungurume wapendwe na wasichana. Kuombwa bomba la kumkimbiza mke wa mtu, subhanallah, hii ni mara ya kwanza. Si ungeongea tu na mzee wako?"

"Wewe kata," akasema Abeli.

Cheche zikaruka. Nilikaa pale nikaangalia kopo linaanguka chini, na nilijua kabisa kwamba hakuna kingine kitakachofanyika. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu. Nilirudi nyumbani na bomba tupu linanguruma chini ya miguu yangu, na sikumpungia mtu.

Lilisikika, jamani. Mbwa wa kijiji kizima walijiunga. Kabla hata halijavuka daraja nilikuwa nimeshalisikia, na kwa kuwa nilishaonja aibu ya mtaroni, sikuishia tena migombani. Nilishuka mpaka shamba la chini, ng'ambo ya kijito, nikakaa huko hadi injini izimwe na Atupakisye aje ukingoni kunipigia makofi kwamba njia nyeupe. Abeli aliniuliza, "Si sasa umepata nafasi?" Nilimwambia nimepata, ndiyo, nafasi ya kutosha.

Mwezi wa saba baridi iliingia kwenye kifua cha Mzee na haikutoka. Walimpeleka hospitali Tukuyu. Atupakisye akabaki kumuuguza, mimi nikabaki na ng'ombe na jiko, napika uji, Abeli anaupeleka. Nilikuwa namuuliza Abeli kila akirudi: "Amesemaje?" Alikuwa ananijibu, "Amekunywa uji." Mume wangu ndivyo anavyoleta habari. Ni Atupakisye aliyenipigia simu akaniambia Mzee anauliza mkamwana wake anaendeleaje. Nilikaa chini kwenye majani nikalia. Nilisema akipona nitakwenda mwenyewe nyuma ya ukuta, nimwombe mwenyewe, kama ni kosa na liwe kosa.

Siku ile ilikuwa mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, mvua ile nyembamba ya kwetu isiyoisha. Nilikuwa napalilia karibu na nyumba, simu iko ndani. Nikalisikia gari linavuka daraja. Nilifikiri Abeli anarudi na abiria wake, au labda Mzee amepata nafuu wanamrudisha. Nilifurahi, nikamshukuru Mungu, na nikakimbia. Sikujiuliza mara mbili. Ni miguu yenyewe. Nikavuka kijito, nikaingia shamba la chini.

Gari likafika uwanjani. Halikuzimwa. Lilinguruma palepale, na mlio wake ulijaa bonde lote hata maji ya kijito sikuyasikia. Nikangoja. Nikang'oa magugu kidogo. Nikasema, huyu Abeli anafanya nini, anamalizia mafuta? Mvua ikaongezeka, nikajikinga kwa jani la mgomba. Bado linanguruma. Nikajua Mzee bado yuko kwenye gari, maana angeshashuka lingezimwa. Basi nisubiri, nisimwaibishe mara ya pili, na mgonjwa mtu mwenyewe.

Nilingoja sana. Hatimaye likazimwa, na ukimya ukaja mzito. Nikapanda taratibu, nikangoja ukingoni nisikie makofi ya Atupakisye.

Sikusikia makofi. Nilisikia kilio.

Atupakisye alinieleza yote jikoni, ameshika kikombe mkononi, maji bado yamo. Daktari alikuwa amewaambia ukweli, na Mzee akasema wamrudishe nyumbani, ana jambo lake. Njiani alisema wazi, Abeli anasikia, Atupakisye anasikia: "Mkamwana aje anipe maji. Nimemtesa mtoto wa watu bure." Walinipigia simu, simu ikalia ndani ya nyumba. Walipofika Mzee alikuwa anatetemeka kwa baridi, hawakuweza kumshusha kwenye mvua ile, Abeli akaacha injini iwake ili lipate joto ndani. Atupakisye alisimama nyuma ya nyumba akaita, "Wifi! Wifi Esnath! Baba anakuita!" Aliita mpaka sauti ikamkauka. Ekzosi ile ikameza kila neno. Alishuka hata ukingoni akapiga makofi, lakini ukungu ulikuwa umeficha ng'ambo yote, na kuvuka kijito akamwacha baba yake katika hali ile hakuweza. Hakuniona.

"Nilimpa maji mimi," akasema. "Midomo imepasuka, wifi. Akaziba mdomo kwa mkono. Akasema anangoja yako."

Abeli aliizima injini alipoona hakuna tena wa kupashwa joto.

Watu walijaa, ngoma za msiba zikapigwa, na mimi nikawa jikoni na masufuria. Kabla ya jeneza kufungwa nilijifuta mikono, nikapanga mstari na wanawake wengine wanaokwenda kuaga. Shangazi yake Abeli, bibi mzee wa Nkunga, alinishika mkono kwa upole akanitoa kwenye mstari.

"Wewe hapana, mwanangu."

"Aliniita, shangazi. Atupakisye alisikia. Aliniita mwenyewe."

"Alikuita, ndiyo. Hukumpa." Machozi yalikuwa yanamtoka na yeye. "Hakunywa, mwanangu. Na aliyekuwa na uwezo wa kukufungulia ndiye huyu tunayemzika. Mimi nitakufungulia kwa lipi?"

Nilirudi jikoni. Nilimenya ndizi wakati wenzangu wanapita mbele ya uso ule, hata watoto, hata Hafidhi aliyekuja na kanzu yake kutoka Tukuyu. Aliyempikia siku zote ndiye peke yake aliyebaki hajui Mzee alifanana na nani.

Baada ya matanga Abeli alikuja kukaa karibu na moto wangu. Alikuwa amekonda. Alichezea kijiti kwenye jivu, kisha akasema kwamba kesho atalipeleka gari kwa Hafidhi, likatwe lile bomba, lirudishiwe kopo lake, litulie kabisa.

"Lirudishie, usilirudishie," nikamwambia. "Mimi sasa nitamkimbia nani?"