Mgongo wa Marnix

Fons alifika na ramani kwapani na chupa mbili za bia, akaviweka vyote mezani, akavuta kiti bila kukaribishwa. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya baiskeli ya pale Merelbeke, klabu ya wazee saba na pampu moja, na kama kawaida yake hakupoteza muda kwa salamu.

"Shemeji, tunafanyaje na mzunguko?"

Reinhilde alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya. Tangu wamzike mumewe Marnix mwezi wa Novemba alikuwa anafanya kila kitu sawasawa: alipika, alipiga deki, alijibu simu, alikumbuka hata siku za kuzaliwa za watoto wa majirani. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Hakujikaza hata kidogo. Hakuwa anasikia kitu, basi, kama ufizi uliopigwa sindano ya ganzi, na hakuona sababu ya kumweleza mtu.

Mzunguko ndio huu. Jumapili ya kwanza ya Mei klabu huondoka alfajiri kati ya nyumba za matofali, huvuka barabara kuu, huzama mashambani, kisha hupanda vilima vya kusini kimoja baada ya kingine, vingine vya mawe yanayotikisa mpaka meno, hadi kwa watu wanaosema Kifaransa. Jioni hurudi kwa kuufuata mto Schelde, na hakuna anayeweza kushuka kwenye baiskeli bila kushikwa mkono. Anayechora njia ndiye anayeongoza. Miaka yote mchoraji alikuwa Marnix, ingawa kuchora ni neno la kumpa heshima tu, maana hakuwahi kuweka alama popote. Njia ilikuwa kichwani mwake, na sasa kichwa chenyewe kilikuwa nyuma ya kanisa, chini ya udongo.

"Kwani nyinyi hamuijui?" Reinhilde aliuliza. "Si mmeipita wote?"

"Mimi? Mimi nakuwaga nyuma kabisa nahema. Wengine wakifika kwenye mteremko wanafumba macho. Wewe ndiye uliyekuwa gurudumuni kwake, shemeji. Kama wewe huijui, basi imekwenda."

"Na ikienda?"

"Tutaungana na wale wanaoendesha kando ya mfereji. Wameshatualika. Tambarare tupu, saa sita mtu yuko kwenye bia yake." Fons alifungua chupa, akaitazama, hakunywa. "Mimi nawajua watu wangu. Wakionja tambarare mara moja, hawapandi kilima tena. Mzunguko wa Marnix utakuwa umekufa na yeye."

Reinhilde alisema atauchora. Kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Alifuta mikono, akaitandaza ramani, na hapo ndipo alipoona aibu yake. Hakuijua njia. Miaka ishirini na kitu aliipita, na hakuwahi kuiona. Anayekaa gurudumuni kwa mwenzake hujificha upepo nyuma yake, gurudumu kwa gurudumu, nafasi ya kiganja katikati, na macho hayaruhusiwi kuzurura. Huona mgongo tu. Mkono ukielekea chini, kuna shimo. Kiwiko kikitoka nje, njoo mbele unipokee. Marnix hakuwahi kumtolea kiwiko. Kwa hiyo makanisa, vinu, mito na vibao vya njia vilimpita Reinhilde vyote, naye akabaki kuujua mfuko wa fulana ulioshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na shingo inayoiva mapema kwa jua.

"Chukua penseli," alimwambia Fons. Akafumba macho. "Tumetoka Oosterzele. Kidogo tu, Marnix anapenga kamasi."

"Shemeji, kamasi haimo kwenye ramani."

"Bondeni. Kuna kaubaridi pale. Tafuta bonde."

Fons akatafuta. Kweli lilikuwepo.

"Anasimama juu ya pedali. Muda mrefu. Halafu anakaa, halafu anatukana."

"Mawe hayo. Anatukana sana au kidogo?"

"Sana."

"Hapo nimepapata."

Wakaenda hivyo mpaka viazi vikawa vyeusi kwenye beseni. Mahali Marnix alipolegeza mabega palikuwa mteremko. Mahali mkono wake ulipoingia mfukoni palikuwa kilele cha kilima kirefu kuliko vyote: hutoa mkate wa asali, huukata, hunyoosha nusu nyuma bila kugeuka, naye Reinhilde huupokea. Kabla ya kilima hicho palikuwa na kona moja ya kulia, ya ghafla, kisha kusimama.

"Kusimama kufanya nini?"

"Anakwenda haja ndogo. Mimi nangoja getini."

Fons alicheka peke yake, akaichora na hiyo.

Desturi inataka mchoraji aionje njia kabla hajawaingiza watu. Fons alijitolea kumsindikiza, lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na magoti yake yanajulikana hadi hospitali. Reinhilde akaenda mwenyewe, asubuhi ya mawingu, mkate wa asali mfukoni kwa mazoea.

Kitu cha kwanza alichokutana nacho baada ya nyumba za mwisho kilikuwa upepo. Ulimpiga kifuani kwenye mashamba ya viazi na haukumwacha tena. Alishangaa kidogo, kwa mbali, kama anayesoma habari za nchi nyingine: kumbe huu ulikuwepo siku zote. Aliinamisha kichwa, akasukuma. Bonde lilikuwepo, mawe yalikuwepo, na penseli ya Fons haikukosea sana.

Kwenye ile kona ya ghafla alikata kulia, akajikuta uani kwa watu, mbele ya zizi. Mwanamke mwenye ndoo mbili alisimama akimtazama.

"Umepotea, mama?"

"Hii ni njia ya Marnix."

"Marnix? Yule mrefu wa Mei?" Mwanamke aliweka ndoo chini. "Hii si njia, ni nyumba yangu. Njia inaendelea moja kwa moja. Wewe ndiye yule wa getini? Anayelalia usukani?"

"Ndiye mimi. Alikuwa anaingia kujisaidia."

"Nani, yeye? Hapa kwangu? Hata mara moja." Mwanamke alionyesha pembe ya zizi. "Alikuwa anasimama pale, amebana ukutani, anakuchungulia. Nilimuuliza siku moja, we bwana, unamwinda mkeo? Akasema, kile kilima cha mbele kirefu, na huyu hawezi kusema amechoka hata umuue. Basi nangoja mpaka ainue kichwa mwenyewe. Mwaka huu yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Amekufa," alisema Reinhilde, kwa sauti ya kusema viazi vimeiva.

"Maskini. Pole, mama. Pole sana."

Alishukuru, akageuza baiskeli. Maneno yalikuwa yamemwingia, aliyajua yamo, ila hayakugusa kitu. Akakianza kilima. Kilikuwa kirefu kweli, na bila mgongo mbele yake aliona kila hatua ya urefu wake. Mapaja yaliwaka moto. Hakusimama.

Kileleni mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Ukatoa mkate wa asali, akaukata kwa meno, na mkono ukanyooshwa nyuma na nusu yake, bila yeye kugeuka.

Ukabaki huko. Baiskeli ilikwenda, upepo ulivuma, na mkono ulibaki nyuma umeshika nusu ya mkate, ukingoja kupokelewa. Ulianza kuuma begani. Hakuna aliyeupokea.

Reinhilde alifunga breki, akalalia usukani na kulia, kwa sauti, mdomo umejaa mkate, kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Iliuma. Iliuma kila mahali, miezi yote kwa pamoja. Gari la maziwa lilipita, dereva akapunguza mwendo, akaendelea. Alipoinua kichwa hapakuwa na mtu ukutani, wala ukuta wenyewe haukuwepo. Alikula ile nusu ya pili, akapanda, akaufuata mto mpaka nyumbani.

Fons alikuwa anamngoja mlangoni. Aliyaona macho yake, akayatazama magurudumu badala yake.

"Njia ipo?"

"Ipo. Hakuna mfereji mwaka huu. Naongoza mimi."

"Na ile kona ya ng'ombe? Nimeuliza watu, pale ni nyumbani kwa mtu. Nifute?"

"Usifute. Pale tunasimama."

"Tunasimama mpaka lini?"

"Mpaka wa mwisho ainue kichwa," alisema Reinhilde, akaingia ndani kutafuta leso.